Ukate Wapi Ili Mrehani Ujae Chunguni

Mrehani wa chunguni mara nyingi huishia kuwa kijiti kirefu: chini hakina jani, juu kimebeba kishungi cha majani madogo na maua. Mwenyewe atalaumu udongo, au atasema mbegu haikuwa nzuri. Kwa uzoefu wangu wa kulima viungo vya majani kwenye vyungu na ndoo hapa Pwani, sababu kubwa ni mkono unaochuma. Kila mchuzi ukitaka majani, mkono unakwenda kwenye majani makubwa ya chini kwa sababu ndiyo yanayoonekana yamekomaa, na kile kichwa cha juu kinaonewa huruma. Inatakiwa iwe kinyume. Majani makubwa ya chini ndiyo yanayoulisha mmea, na kichwa cha juu ndicho kinachozuia matawi yasitoke.

Shika tawi la mrehani ulitazame kwa karibu. Majani hutoka mawili mawili, yakielekeana, na kila jozi imekaa kwenye kifundo. Jozi inayofuata juu yake imegeukia upande mwingine, ili majani ya juu yasiyanyime mwanga yaliyo chini. Sasa fungua kwapa la jani, pale kikonyo kinaposhikana na shina. Kuna kijicho cha kijani, pengine kimeshatoa vijani viwili visivyofika hata milimita 5. Kila kwapa lina kijicho chake, kwa hiyo kila kifundo kina viwili. Hayo ndiyo matawi yako ya baadaye, na yamelala kwa sababu ya ncha. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukiikata ncha, oksini inapungua, na sukari iliyokuwa ikivutwa juu inageukia macho yaliyo karibu. Yale mawili yaliyo chini tu ya mkato huamka kwanza, na shina moja linakuwa mawili.

Mkato wa kwanza ndio wenye uzito kuliko yote, kwa kuwa unaamua mmea utajigawa kwa chini kiasi gani. Subiri mche uwe na jozi 4 za majani halisi. Vile vijani viwili vya mviringo vilivyotangulia kutoka kwenye mbegu havihesabiwi. Kwa kawaida mche utakuwa na urefu wa kama sentimita 15. Hesabu kuanzia chini: jozi ya kwanza, jozi ya pili. Kata juu ya jozi ya pili, ukiacha nusu sentimita ya shina juu ya kifundo. Ukiacha kipande kirefu kuliko hapo, hakina jani wala jicho, kwa hiyo kitakauka au kuoza, na uozo unaweza kushuka hadi kifundoni. Ukikata karibu mno unajeruhi yale macho uliyotaka kuyaamsha. Shina changa hukatika kwa kucha za kidole gumba na cha shahada. Likishakuwa gumu tumia mkasi uliofutwa kwa spiriti. Usilivute, kwa maana kuvuta huchuna ganda kwenda chini na jicho la kifundo kinachofuata huondoka nalo.

Wengi hapa hupata hofu, kwa sababu mche uliokuwa umeanza kupendeza unabaki kisiki cha sentimita 6 hivi. Vumilia. Katika joto la Pwani, siku 3 hadi 5 zinatosha kuona macho yamevimba, na baada ya wiki 2 au 3 kila tawi jipya litakuwa na jozi zake 3. Hapo kata tena, juu ya jozi ya pili ya tawi hilo jipya. Matawi 2 yanakuwa 4, 4 yanakuwa 8, 8 yanakuwa 16, na kote huko unachokata ndicho unachopika. Mrehani uliolelewa hivi tangu mwanzo huwa mpana kuliko urefu wake.

Kuna mpaka. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mkupuo ukishavuka ule mkato wa kwanza, na kila tawi libaki na angalau jozi 2 nzima. Mrehani ni mmea wa msimu mmoja, hauna akiba kubwa mizizini. Ukiunyoa wote kwa ajili ya karamu ya Ijumaa, utakaa wiki nyingi ukijikongoja au utakufa. Anayehitaji majani mengi apande vyungu 3 na kuzunguka, leo hiki, wiki ijayo kile.

Maua ni jambo la pili. Tawi la mrehani linapoamua kuchanua, ncha yake inageuka kuwa shada. Kuanzia hapo tawi hilo halitoi majani mapya ya maana, yaliyopo yanakuwa madogo na makali kidogo mdomoni, na shina linaanza kuwa mti. Ukiona majani ya nchani yamesongamana na kuwa madogo yakiwa yamejipanga pande nne, shada linakuja, na huo ndio wakati wa kukata. Usinyofoe ua peke yake. Shuka hadi jozi ya pili ya majani makubwa chini yake ukate hapo, kwa sababu macho yaliyo karibu kabisa na shada nayo yameshaelekezwa kwenye kuchanua, na yatakutolea maua mengine. Wanaopanda mrehani kwa ajili ya kikuba, kuufunga pamoja na asumini na mkadi, wao huyataka hayo mashada. Wakitengee kikuba mche wake, wa jikoni uwe mwingine.

Kukata bila jua ni kazi bure. Mrehani unataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku. Kipimo changu ni pingili, yaani nafasi kati ya kifundo na kifundo. Mmea unaopata jua la kutosha huwa na pingili za sentimita 2 hadi 4. Zikifika 6 au 7, shina likawa jembamba na limelalia upande wa dirisha, mmea unatafuta mwanga. Ukiukata katika hali hiyo utapata matawi mawili membamba badala ya moja. Uhamishe kwanza, ukate baadaye.

Kwa wanaoishi ghorofani, upande wa roshani una uzito kuliko mbolea. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Roshani inayotazama kaskazini itapata jua zuri Juni na Julai, kisha ifikapo Desemba ukuta na paa vitaifunika, na mrehani ule ule uliokuwa umejaa utaanza kurefuka bila wewe kubadili chochote. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo mwaka unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Roshani ya mashariki ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu hupata jua la asubuhi mwaka mzima. Ya magharibi hupata jua la alasiri likiwa na joto la ukuta juu yake. Rozmari italivumilia, kotimiri haitaliweza. Na popote ulipo, geuza chungu robo ya mzunguko kila baada ya siku chache, la sivyo matawi ya upande wa ukutani hubaki dhaifu.

Ndugu walioko Ulaya wana tatizo lao, kile chungu cha mrehani cha supamaketi kinachoonekana kimejaa siku ya kwanza na kufa wiki ya tatu. Si mmea mmoja. Ni miche kumi, kumi na tano, hata zaidi, imesongwa katika kikombe kimoja cha udongo ili ionekane imejaa. Imwagilie vizuri, kata theluthi ya juu, toa bonge lote la mizizi, ligawe vipande 4 taratibu kwa vidole, kila kipande ukipande katika chungu chake. Dirisha linalotazama kusini ndilo lifaalo huko, na hata hivyo wakati wa baridi kali mwanga hautoshi bila taa ya mimea.

Chombo kisiwe chini ya lita 3 kwa mrehani mmoja. Lita 5 ni nzuri zaidi, na dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu linatosha kabisa. Toboa matundu 6 hadi 8 yenye upana wa sentimita 1 chini, na mengine mawili ubavuni karibu na kitako, kwa sababu dumu likikaa juu ya sakafu bapa matundu ya chini huziba. Mchanganyiko wangu ni sehemu 2 za udongo mweusi, 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, 1 ya mchanga wa mtoni au pumba za mpunga zilizochomwa. Samadi iliyooza hainuki na huwezi kuitambua asili yake. Ikinuka bado itaunguza mizizi. Samadi ya kuku ina nguvu nyingi, isizidi sehemu 1 katika 10. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Chumvi inastahili kutazamwa zaidi, maana inawasumbua wengi wa Pwani bila kujua. Visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi. Kila unapomwagilia, maji yanakauka na chumvi inabaki. Kingo za majani zinaanza kuwa za kahawia kama zimepigwa pasi, ncha zinakufa, na mwenye mmea akidhani ni kiu anaongeza maji yale yale. Tazama ukingo wa chungu: ukiona ukoko mweupe, ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya viungo vyako. Ukishindwa, mara moja kwa mwezi mimina maji yenye chumvi kidogo, yanayozidi ujazo wa chungu mara mbili, yapite yote yatoke chini yakiibeba chumvi.

Kumwagilia kwa kawaida kufanyike asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani. Chovya kidole hadi kiungo cha kwanza, pakiwa pakavu mwagilia hadi maji yatoke chini, pakiwa pabichi acha. Upepo wa kusi unapokaza Juni na Julai, roshani ya ghorofa za juu hukausha chungu kabla ya jioni. Chungu kikikauka mara kwa mara, mrehani huona maisha yanaisha na kukimbilia kutoa maua.

Mmea unaokatwa kila wiki mbili unahitaji kula. Chai ya samadi hutosha: sehemu 1 ya samadi iliyooza kwa 10 za maji, iloweke siku 7, ikoroge kila siku, kisha ichuje na kuizimua hadi iwe na rangi ya chai nyepesi. Mimina nusu lita kwa chungu kila wiki mbili, kwenye udongo tu. Majani yasiguswe, na yaoshwe vizuri kabla ya kuliwa. Anayetumia mbolea ya dukani achukue NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye viwango sawa, kijiko kimoja cha chai katika lita 5 za maji, kwa muda huo huo. Asizidishe. Naitrojeni nyingi huleta majani makubwa, laini, yasiyo na harufu, na wadudu mafuta huyapenda hayo kuliko yote. Wakishaingia, kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, nyunyiza jioni ukilenga chini ya majani, suuza asubuhi, rudia baada ya siku 4.

Mrehani uliojaa una hatari yake. Ndani ya kichaka hewa haipiti, unyevu unabaki, na hapo ndipo ubwiri unyoya unapoanzia. Ugonjwa huu uliripotiwa kwanza Uganda mwaka 1933, ukaja kuonekana Uswisi mwaka 2001 na Marekani mwaka 2007, na sasa unasumbua wakulima wa mrehani sehemu nyingi duniani. Jani linaanza kuwa la manjano kwa vipande, likizuiwa na mishipa, na wengi hudhani ni njaa wakaongeza mbolea. Ligeuze. Ukiona chini kuna unyoya wa kijivu ulioelekea zambarau, ni ubwiri. Mmea ulioathirika sana ung'oe, ufunge kwenye mfuko na uutupe. Kuzuia ni kuacha sentimita 25 kati ya chungu na chungu, kutolowesha majani usiku, na kukata kabisa, kutoka shinani, vitawi viwili vitatu vinavyoelekea ndani. Kujaa kunakotafutwa ni kwa matawi mengi yanayopata mwanga, si majani yaliyolaliana.

Viungo vingine havifuati sheria hii sawasawa, na kuvikata vyote kama mrehani ni kuviharibu.

Nanaa inakaribiana nao kwa kuwa nayo ina majani ya jozi na macho makwapani, ila nguvu yake iko chini ya udongo, kwenye mashina yanayotambaa. Mashina yakifika sentimita 25 na kuonyesha dalili ya maua, unaweza kuikata yote kwa pamoja ukiacha sentimita 5 tu. Mrehani ungeweza kufa kwa mkato huo. Nanaa hurudi nene zaidi baada ya wiki 3 au 4 ikimwagiliwa vizuri. Tatizo lake ni chungu: mashina hukimbilia ukingoni na kuzunguka huko, katikati panabaki upara. Mara moja kwa mwaka toa bonge lote, tupa kiini kilichozeeka, chagua vipande vyeupe vya shina la chini vyenye urefu wa sentimita 10 na vifundo kadhaa, vilaze kina cha sentimita 3 katika udongo mpya, vikiwa vimesambaa chungu kizima. Ukiona madoa ya rangi ya chungwa chini ya majani, ni kutu. Kata hadi usawa wa udongo, uondoe mabaki yote. Na iwe na chombo chake peke yake, kwa sababu jirani yeyote itamsonga.

Kotimiri, ambayo wengine huita giligilani na Kenya ni dania, haina ncha ya kukatwa. Majani yote hutoka kwenye shingo ya mzizi, na shina la juu hutokea tu mmea ukitaka kuchanua. Kwa hiyo kujaa kwake kunatokana na upandaji. Kila punje ya duara ni tunda lenye mbegu mbili. Isugue kwa kiganja ipasuke, iloweke usiku mmoja, kisha katika beseni lenye upana wa sentimita 30 na kina cha 20 sia punje 40 hivi, kina cha sentimita 1. Isie hapo hapo itakapokulia, mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Chuma majani ya nje pamoja na vikonyo vyake, uache ya katikati. Joto ndilo adui yake. Pwani ipande kuanzia Mei hadi Agosti, ipate jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri, na usie beseni jingine kila wiki 3. Lushoto na miinuko mingine yenye baridi huweza kuilima muda mrefu zaidi. Majani yakianza kuwa membamba mithili ya nyuzi, imeshaamua kuchanua na hakuna mkato utakaoirudisha. Iache izae, utavuna mbegu za kusaga kwa bizari.

Rozmari kata sentimita 5 hadi 8 za nchani, kwenye sehemu ya kijani tu. Ukishuka hadi kwenye mti wa kahawia usio na majani, mara nyingi tawi hilo halichipui tena. Mchanga wake uwe nusu ya chungu, na udongo ukauke kati ya maji na maji. Mchaichai wenyewe hukua kwa kuongeza mashina kutoka chini. Ng'oa mashina ya pembeni pamoja na vitako vyake, kata majani makavu, gawa bonge likibana.

Hata mrehani uliotunzwa vizuri huchoka. Ikifika miezi 5 au 6 sehemu ya chini ya shina inakuwa ya kahawia na ngumu, na matawi mapya yanapungua unene. Usingoje ufike mwisho. Ukiwa bado na matawi ya kijani yasiyo na maua, kata vipande vya sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani yote ya nusu ya chini, viweke kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga bila jua kali, badilisha maji kila siku ya pili. Mizizi hutoka ndani ya wiki moja au mbili. Ikifika sentimita 3, panda kila kipande katika chungu chake cha lita 3 hadi 5, kivulini kwa siku 4 au 5, kisha juani. Jozi 2 mpya zikishafunguka, kata ncha ya kila kimoja juu ya jozi ya kwanza kati ya hizo mpya.